Kinyaa cha Bi Umulkheir

Nianze na kibodi, maana hapo ndipo kinyaa kilipoanzia.

Ilikuwa kibodi ya Mugambi, katika saiba yake, duka la mtandao, pale Amu, mji wa Lamu, kwenye kichochoro kinachopanda kutoka gatini. Siku iliponunuliwa bila shaka ilikuwa nyeupe. Mimi nilipoiona ilikuwa na rangi ya ukoko wa wali. Kati ya vifungo mlikuwa na makombo ya mahamri, majivu ya sigara, mirungi iliyotafunwa ikatemwa ikakauka, na unywele mmoja ambao sikutaka kujua ni wa nani. Kifungo cha A kilinata. Ukikibonyeza kilibaki chini, kisha kikapanda polepole na kisauti cha majimaji. Anayesoma hili akiwa anakula aniwie radhi, lakini sijui namna safi ya kulieleza.

Bi Umulkheir binti Muhdhar, mtu wa kisiwa cha Pate, aliigusa kibodi hiyo mara moja tu maishani mwake. Mugambi alimwambia abonyeze kifungo kikubwa cha upande wa kulia, akabonyeza, akaondoa kidole, akatoka nje bila kuaga. Aliomba maji kwenye duka la jirani akanawa mpaka kwenye kiwiko. Alinihadithia mwenyewe jioni ile, na alipokuwa akinihadithia alinawa tena.

Watu hujifunza mtandao kwa kupenda elimu, au kwa kutafuta kazi, au kwa sababu wajukuu wako mbali. Bi Umulkheir alijifunza kwa kinyaa. Nimefundisha miaka kumi na minne na sijaona kitu kinachomsomesha mtu upesi kama hicho.

Mimi naitwa Nkatha. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Meru, Mkristo, na nililetwa Pate kwa barua ya uhamisho ambayo niliilia kutoka Mokowe mpaka boti ilipotia nanga. Bi Umulkheir ndiye aliyenipangisha chumba cha juu. Hakuniuliza dini yangu wala kabila langu. Aliniuliza kama kwetu watu huvua viatu mlangoni. Nikasema nitavua, akanipa ufunguo.

Wakati wa habari hii alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, na ana shamba la tumbaku ndani ya zile kuta za kale ambazo wageni huja kuzipiga picha. Wageni hukanyaga miche yake wakitafuta pembe nzuri ya picha, naye huwafukuza kwa ufagio. Tumbaku huilima, huikausha, huiuza, lakini haijaingia kinywani mwake hata siku moja. Anayeitafuna mbele yake humwambia ateme nje, tena mbali. Ana kikombe chake ambacho hakinywewi na mtu mwingine, na akisafiri hukibeba kwenye kikapu, kimefungwa kitambaa.

Usafi huo si maringo. Una asili yake. Mama yao alipofariki, Bi Umulkheir na dada yake mkubwa, Hadia, walimwosha wawili peke yao katika chumba cha ndani, kwa maji ya majani ya mkunazi na karafuu maiti, wala hawakumruhusu mwanamke mwingine aingie. Walipomaliza walishikana mikono iliyo bado maji, wakaahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki. Mwaka uliofuata Hadia aliolewa Salala, nchi ya Omani, akaenda. Miaka thelathini na mbili. Ahadi ilivuka bahari pamoja naye.

Basi Januari ile Uthman, mtoto wa Hadia, alituma sauti kwenye simu. Figo za mama yake zilikuwa zimekufa, analazwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na kila akizinduka anamuulizia Umu. Tiketi angeleta yeye, na karatasi za huko angezishughulikia yeye. Lililobaki ni pasipoti, na pasipoti siku hizi huombwa kwenye tovuti.

Bi Umulkheir alinijia na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ningeweza kumkalisha hapo hapo tukaanza. Badala yake nikamwambia, nenda Amu kwa Mugambi, ni mtu wetu wa Meru, mwambie umetumwa na mimi. Nikamtilia na methali juu yake, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili nalisema kwa sababu katika habari hii nina mengi ya kumchukia Mugambi, na nisingependa msomaji adhani mimi nilikuwa pembeni nimenawa mikono. Nilimpenda Mugambi kwa jambo moja tu: kila nilipoingia dukani kwake tuliongea Kimeru, na baada ya miezi ya kusikia lahaja nisizozielewa vizuri, masikio yangu yalipumzika. Kwa raha hiyo ya masikio nilimtuma mama wa watu mikononi mwake.

Aliporudi jioni alikuwa amenuna. Akaniambia ya kibodi. Kisha akaniambia jambo ambalo lilimuudhi zaidi. Mugambi alipokuwa akimfungulia akaunti, tovuti ilitaka swali la siri na jibu lake, swali ambalo mtu huulizwa akisahau neno lake la kuingilia. Mugambi akachagua swali la jina la mama mzazi. Saiba ilikuwa imejaa wanaume, mashavu yamevimba kwa mirungi, wanatazama mpira. Naye, bila kugeuza shingo, akapaza sauti kutoka mezani mpaka mlangoni alipokuwa amekaa Bi Umulkheir: mama, mamako anaitwa nani?

Kwao jina la mama halitajwi mbele ya wanaume wasio maharimu, sembuse jina la mama aliyekufa. Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho kikapuni, angeulizwa taratibu angekitoa. Mugambi hakungoja. Aliuliza mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi, mpaka wanaume wakageuka kumtazama yule ambaye hajui jina la mamake.

Nikamwambia Bi Umulkheir amsamehe, ni ugeni, huyo ni mtu wa bara, hajui. Hivyo ndivyo nilivyomtetea. Yeye akaendelea kusugua vidole.

Kuanzia Februari mpaka Julai alikwenda Amu mara saba. Boti ya Pate hufuata maji yanavyojaa na kupwa, kwa hiyo safari ya kuuliza swali moja humla mtu siku nzima. Kila mara Mugambi alimjibu vile vile, kwamba bado, mfumo una shida, arudi wiki ijayo. Bi Umulkheir alikuwa akisimama kizingitini. Kuingia haingii.

Agosti shule zilipofungwa nikaona nimfuate. Nilitaka kumuonyesha kwamba mtu wetu ni mtu mzuri, ila hasukumwi ipasavyo. Tukafika, nikasalimia kwa Kimeru, nikacheka kidogo. Nikamuomba Mugambi afungue barua pepe ya Bi Umulkheir niione.

Hakukuwa na barua pepe ya Bi Umulkheir. Ilikuwako ya Mugambi. Kila mtu aliyepita pale kwa mwaka na nusu, wa Pate, wa Siyu, wa Faza, alikuwa ameandikiwa barua pepe ya Mugambi na namba ya simu ya Mugambi. Aliteremsha orodha na mimi nikasoma begani kwake. Barua mia nane na kitu, zote kwa herufi nene, maana yake hakuna aliyezifungua. Niliona majina ninayoyajua. Niliona la Mwanamkisi, jirani yetu, ambaye amekuwa akingoja cheti cha mtoto tangu mtoto akitambaa, na mtoto sasa anakimbia. Niliona la Bwana Ghassan anayesalisha msikiti wa karibu na shule. Zimelundikwa humo, zinaoza.

Na ya Bi Umulkheir ilikuwako. Aliitwa Mombasa kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, tarehe kumi na nne Mei, saa nne asubuhi. Tulikuwa tarehe tisa Agosti.

"Aah, hiyo ilinipita, madam," Mugambi akasema. "Barua ni mob, ni nyingi sana."

Akachokoa jani kwenye jino kwa ukucha, akalitazama, akalipangusa kwenye suruali, kisha akarudisha kidole kile kile kwenye kibodi.

Nikamuomba basi nipe neno la siri la akaunti ya huyu mama, tutaendelea wenyewe.

"Haiwezekani, madam. Pasiwadi ni moja ya watu wote. Nikikupa ya huyu nimekupa ya wote. Lazima nilinde wateja."

Alisema hivyo akiwa hana hata chembe ya mzaha usoni. Bi Umulkheir alikuwa amesimama kizingitini na kikapu chake, ameyasikia yote. Niliteremka kichochoro nikiwa nyuma yake, nami nilijiona mchafu kuliko kibodi.

Kwenye boti alikaa upande wa upepo. Tulipokaribia Pate ndipo aliponigeukia.

"Mwalimu, nisomesha," akasema kwa Kipate chake, ambamo kuchukua ni kutukua, jina ni ina, na juzi ni yuzi. "Sitaki tena kutukuliwa mkono ni mtu. Kama ni kuingia, niingie mwenyewe."

Tulianza siku ya pili yake, kwenye chumba changu cha juu, maana huko ndiko mtandao wa simu hushika. Alikuja na limau lililokatwa na kitambaa cheupe. Kabla ya yote aliisafisha laptopu yangu. Nilidhani ni safi. Kitambaa kilipotoka nilitazama dirishani kwa aibu.

Mwanafunzi wa miaka sitini na mmoja ana mambo yake. Kipanya alikishika kama kwamba kitamuuma, na mshale ukawa unakimbilia pembeni mwa skrini. Nikamwambia ashushe pumzi. Siku ya kwanza tulijifunza kusogeza na kubofya, basi. Siku ya pili tukaingia tovuti ya kwanza, ya habari za hali ya hewa, na hapo juu pakaandikwa Karibu. Mtu wa Pate akikaribishwa hawezi kunyamaza. Nilikwenda kumimina maji, niliporudi nikakuta Bi Umulkheir amekiona kisanduku cha kutafutia na ameandika ndani yake, kwa kidole kimoja, Starehe. Alikuwa akiitikia. Mashine ikamletea hoteli, mabwawa ya kuogelea na wanawake wazungu nusu uchi.

Alifunika skrini kwa buibui lake. Akaniuliza hawa ni akina nani na kwa nini wameitika wao ilhali yeye hakuwasemeza.

Ikabidi nitafute namna ya kueleza, na namna niliipata katika nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia kila tovuti ni nyumba ya mtu. Ukurasa wa kwanza ni daka, ndipo mgeni anapokaa kwanza. Yale maneno yaliyopigwa mstari ni milango ya vyumba. Ule mshale wa kurudi kushoto hukutoa chumbani ukarudi ulikotoka. Na ule mstari mwembamba juu kabisa, wenye anwani, ndio unaosema nyumba hii ni ya nani. Kisanduku cha kutafutia si mwenye nyumba. Ni mtu wa njiani tu unayemuuliza, na mtu wa njiani anaweza kukupeleka kokote.

Hilo alilielewa kunipita mimi. Tangu siku hiyo kila ukurasa ukifunguka huuliza kwanza nyumba hii ya nani, na hafanyi lolote mpaka amesoma anwani yote, herufi moja moja, midomo ikicheza. Matangazo yanayoruka katikati ya skrini yalimtia kinyaa. Dawa za kupunguza tumbo, kamari, wachumba, umeshinda simu. Mwanzoni alikuwa akibofya Hapana kwa adabu na kusema ahsante, na kila akibofya linaruka jingine. Nikamfundisha kale ka-alama ka msalaba mdogo pembeni. Akaniambia kwamba mtu mwema akitaka kukuita hupiga hodi akangoja, na huyu anayekuvuta nguo njiani huna haja ya kumjibu, dini haikulazimishi. Baada ya hapo aliyafunga bila ahsante.

Siku moja alijaribu kuitafuta mwenyewe tovuti ya pasipoti. Ya juu kabisa ilikuwa na ngao ya taifa, bendera na maneno ya kuahidi pasipoti ya haraka bila foleni. Mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo hiyo, fungua. Yeye akasoma anwani mpaka mwisho, akasoma tena.

"Hii si nyumba ya serikali," akasema. "Ngao wametia, lakini nyumba ni ya mtu. Amu hukuona? Siku hizi hununua mlango wa kale wakautia kwa nyumba ya yuzi."

Alikuwa amesema kweli. Ilikuwa ya mawakala. Nikajifunza.

Hakuwa malaika. Siku moja alijaza fomu ya mazoezi saa nzima, akabonyeza mshale wa kurudi ili aone alichoandika mwanzo, na kazi yote ikapotea. Alinyanyuka, akanawa, akarudi, akaanza upya kwenye jina. Siku nyingine alinikasirikia kwa kuweka kikombe cha chai karibu na kibodi, akaniambia ndivyo alivyoanza yule. Nikakiondoa. Tangu hapo sijanywa chai mezani.

Katikati ya Septemba Uthman alituma sauti nyingine. Mama yake amedhoofu, mishipa ya mkono haitaki tena sindano, daktari amesema wanaotaka kumuona waje. Bi Umulkheir alisikiliza mara mbili, akazima simu, akapanda ngazi.

"Leo si mazoezi," akasema.

Tukaingia tovuti yenyewe. Nilijua kwamba hatuwezi kufungua akaunti mpya, kwa sababu namba ya kitambulisho chake ilikwisha sajiliwa. Neno la kuingilia tulikuwa hatuna. Namba ya kutumiwa msimbo ilikuwa ya Mugambi. Lakini palikuwa na mlango wa tatu, wa swali la siri. Tukaubofya. Swali likatokea: Jina la mama yako mzazi. Chini yake, kwa wino mwekundu, pameandikwa kwamba mtu ana nafasi tatu, na akikosa zote akaunti itafungwa mpaka afike mwenyewe kwenye ofisi Nairobi. Kufika Nairobi, kupanga foleni, kuanza upya. Hadia hakuwa na muda huo.

Bi Umulkheir aliniambia nigeuke. Niligeuka nikatazama ukuta, nikasikia vifungo vinabonyezwa kimoja kimoja. Nilipoambiwa nitazame palikuwa na maneno: Jibu si sahihi, nafasi mbili zimebaki.

Nikasema labda kidole kimeteleza. Akaandika tena, polepole zaidi, mimi nikiutazama ukuta ule ule. Jibu si sahihi. Nafasi moja imebaki.

Nilimlaani Mugambi kwa lugha zote tatu ninazozijua. Nikasema aliandika upuuzi, mtu ambaye hasomi barua mia nane atasikia jina gani vizuri, bora tukamuulize. Nikashika simu nimpigie. Bi Umulkheir akaniwekea mkono juu ya simu.

"Usimpigie," akasema. "Si yeye. Siku ile sikutaja ina la mamangu. Wanaume walikuwa wameyaa. Nalitaja lako."

Sikuelewa kwanza. Akaeleza akiwa ametazama sakafu, kwamba mara mbili zile ameandika la mama kwa kuona haya kunitajia hili. Yule mtu alikuwa akipiga kelele, watu wakamgeukia, akatafuta jina lolote la mwanamke awape ili wanyamaze. La dada yake hawezi, la jirani hawezi, kila mwanamke anayemjua ana mume au kaka au mtoto ambaye huenda yumo mle ndani. Likaja la mpangaji.

"Ina lako halina mwenyewe hapa," akasema.

Sitasema uongo, liliniuma. Miaka mitano nimevua viatu kwenye mlango ule, nimekula naye futari, nimemshika mkono siku mumewe alipozikwa. Kumbe jina langu ndilo pekee lililoweza kutupwa mbele ya wale watafunaji bila mtu kuona limedondoka. Nilikaa kitandani nikajisikia vibaya. Na nilipokuwa nikitafuta neno la kumwambia, nikakumbuka ni nani aliyemtuma kule. Nilimkabidhi kwa zimwi langu kwa sababu linaongea Kimeru. Yeye akamtupia zimwi jina langu. Kama kuna aliyedhulumiwa zaidi, si mimi.

Nikamwambia aandike.

Safari hii hakuniambia nigeuke. Aliandika mbele yangu, kidole kimoja, herufi sita, na kila herufi ikageuka nukta nyeusi. Akangoja. Akasoma bismillahi. Akabofya.

Ikafunguka.

Hakushangilia. Kazi ya kwanza aliyoifanya ni kwenda kwenye taarifa zake, akafuta barua pepe ya Mugambi, akafuta namba ya Mugambi, na uso wake wakati ule ulikuwa uso wa mtu anayekwangua kinyesi cha kuku kwenye ngazi. Akaweka barua pepe aliyofungua mwenyewe wiki iliyotangulia. Akaweka neno jipya la kuingilia. Kisha akafika kwenye swali la siri, akaniomba niteremke kisimani nikamtekee ndoo ya maji, ambayo hakuihitaji. Nilipopanda alikuwa amemaliza, na jina langu halikuwamo tena. Cheti cha kuzaliwa alikipiga picha na kukipandisha mwenyewe, amenipa mgongo.

Tarehe mpya ilitoka baada ya wiki tatu. Aliiona mwenyewe asubuhi kwa simu yake, kwa herufi nene, akaifungua. Alikwenda Mombasa. Disemba pasipoti ikatoka. Januari Uthman akaleta tiketi, na Bi Umulkheir akaondoka Pate na kikapu chenye kikombe chake, na majani ya mkunazi yaliyokaushwa, yamefungwa kwenye leso. Nilimwambia pengine uwanja wa ndege hawatayapitisha. Akasema kama wana haya watayapitisha. Tuliagana gatini Mokowe. Kila mmoja wetu alijua majani yale ni ya nini.

Mimi nilipita Amu kabla ya kurudi Pate. Nilitaka kumwambia Mugambi la moyoni. Nilimkuta ametundika bango jipya mlangoni, kwamba hapa husaidiwa mambo yote ya serikali, haraka na kwa uaminifu. Nikamwambia kwa Kimeru, ili asipate pa kujificha, kwamba mwanamke wa miaka sitini na mmoja amemtoa kwenye akaunti yake kama uchafu. Akacheka. Akaniambia niwaambie waje tu, wazee hawawezi, watarudi. Kifungo cha A bado kilikuwa kinanata. Nazi mbovu harabu ya nzima, na huyu anaharibu mpaka lugha ya mama yangu. Siku hizi nikikisikia Kimeru ghafla gatini, kwanza hutazama mikono ya anayekisema.

Kina mama wanakuja, ndiyo, lakini kwangu. Alianza Mwanamkisi. Jumamosi huwa sita au saba, kila mmoja na limau lake na kitambaa, na hakuna anayegusa kipanya kabla hakijafutwa.

Wiki moja ilipita bila habari kutoka Salala. Nilianza kuogopa kufungua simu. Kisha Ijumaa moja, baada ya shule, nikakuta barua pepe kwa herufi nene. Haikuwa sauti wala haikuwa imeandikwa na Uthman. Niliyajua maandishi kwa vile hayakuwa na nukta wala herufi kubwa, maana bado hatujafika huko.

Aliandika kwamba amefika, na Hadia yu hai. Kwamba hospitali wanawake wa kazi walikuwa wakimpangusa haraka haraka kwa kitambaa kimoja mwili mzima, uso na miguu, na yeye alipoona hivyo aliwatoa chumbani wote. Sasa humwosha mwenyewe asubuhi na jioni. Maneno yake nayaweka yalivyo:

"ahadi ilikuwa ya maiti mimi namuosha yu hai mkunazi bado sikuufungua hadia anasema aliyetuazima ina lake ayue la mama"

Chini ya hapo, peke yake kwenye mstari, palikuwa na jina la mwanamke. Sitaliandika hapa. Wanaume wanasoma.